Gion Matsuri, Kyoto: usiende usiku tu

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuvumilia joto la Julai kwa ajili ya Gion Matsuri, sherehe ya mjini Kyoto, Japani, uliyoalikwa na wenzako wa bweni, na uvae nini. Nenda. Nimesoma Kyoto miaka miwili na sikukosa hata mara moja.

Ukivaa yukata, lile vazi la pamba lililo wazi mbele kama joho, pindo la kushoto ndilo likae juu. Mimi nililivaa kinyume, bibi mmoja akanivuta pembeni akanirekebisha mwenyewe: la kulia juu ni vazi la maiti. Na chimaki ukiuziwa usiifungue kutafuta chakula. Ni hirizi ya majani, inatundikwa mlangoni mwaka mzima kukinga maradhi. Sherehe yenyewe asili yake ni tauni ya mwaka 869, waliposimamisha mikuki 66, mmoja kwa kila jimbo la nchi, kuomba nafuu.

Mwaka wa kwanza nilikwenda usiku wa tarehe 16 tu. Taa za karatasi, vibanda vya vyakula, msongamano. Pazuri, lakini nilipitwa na kiini.

Mwaka wa pili nilianza tarehe 10, wanapoanza kuunda hoko, magari marefu ya mbao ya maandamano ya sherehe, mtaani Shijo. Gari moja kubwa lina kama tani 12, na maungio ya mbao hayapigwi msumari. Yanafungwa kwa kamba za mabua ya mpunga, duru juu ya duru, mpaka fundo linakuwa pambo. Mzee mmoja alinieleza kwamba gari likiyumba kamba hulegea nalo, msumari ungepasua mbao. Mimi ni mtu wa Lamu. Babu alitusimulia hivyo hivyo kuhusu mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, kinapopanda fungu la mchanga. Nilisimama pale hadi wakamaliza kazi ya siku.

Tarehe 17, siku ya maandamano ya magari hayo, uwe kwenye kona ya Shijo na Kawaramachi kabla ya saa 2 asubuhi, na maji ya kunywa. Magurudumu ya hoko hayapindi. Ili kugeuza gari kwenye kona wanatandika mianzi iliyopasuliwa chini ya magurudumu, wanaimwagia maji, wenye pepeo za mkononi wanaita kutoka juu ya gari, na kundi zima linavuta ubavuni. Nilitazama kamba tu. Mlingoti uliyumba juu ya vichwa vyetu, mbao zikalia, gari likageuka, na hakuna fundo lililoachia.