Maswali yenu: otizimu na kazi ya kwanza

Mwanangu ana miaka 23, ana otizimu, diploma ya Serikali (ya kumaliza sekondari) anayo, lakini bado anakaa nyumbani. Nimpeleke formasio gani kwanza? (Mama, Katuba)

Hakuna formasio kwanza, Mama. Hapa Lubumbashi tunawazungusha vijana hawa: informatika, ushonaji, halafu informatika tena, na vyeti vinalala kabatini. Wengi wao wakijifunza jambo darasani hawalihamishi kirahisi hadi depo ya vinywaji. Hujifunza pale pale penye kazi, kwa vifaa vile vile na watu wale wale. Kwa hiyo tafuta mahali kwanza, mafunzo yatafuata.

Kwa wiki mbili andika anachofanya bila kuambiwa, anakaa nacho muda gani, anachoka saa ngapi, kelele gani inamkimbiza. Kazi ifanane na karatasi hiyo, diploma iwe baadaye. Kisha umwombe patron (mwajiri) siku tatu za majaribio badala ya mahojiano. "Jieleze kidogo" ni swali linaloweza kumwangusha mtu anayehesabu stoki nzima bila kukosea.

Siku ya kwanza awe na msindikizaji, na msindikizaji huyo asiwe wewe. Kazi yake ni kuikata kazi vipande. "Panga vinywaji vizuri" si agizo. Agizo ni hili: hesabu kreti zilizoshuka; andika idadi; toa chupa iliyopasuka; panga kreti tano kwenda juu, lebo zitazame mlango; ukimaliza mstari, mwite chefu (mkuu wa kazi). Yaandikwe au yachorwe, yabandikwe ukutani. Msindikizaji aonyeshe mara moja, wafanye pamoja, kisha anyamaze. Kijana akikwama, ahesabu hadi tano kabla ya kusaidia, na asaidie kwa kidole kabla ya mdomo. Anayesaidia haraka anamfundisha kijana kumsubiri yeye. Na tangu wiki ya kwanza mfanyakazi mmoja wa hapo hapo azoezwe kujibu maswali ya kijana, kwa sababu msindikizaji ataondoka: leo saa nzima, kesho nusu, mwishowe anapita Ijumaa tu.

Dawa ya otizimu inauzwa wapi? (wengi, tena)

Hakuna, na ni mara ya mwisho kujibu. Jihadharini hasa na wanaotangaza "kutoa metali mwilini". Katika mji wa migodi kama wetu maneno hayo yanauzika haraka, lakini matibabu hayo yalimuua mtoto mwenye otizimu huko Marekani mwaka 2005.

Nimeajiri kijana mwenye otizimu. Asubuhi anafanya kazi safi, mchana anaziba masikio na kuikimbia kaunta. Ni uvivu? (mwenye depo, Kamalondo)

Papa, tazama saa kabla ya kutazama tabia. Umeme ukikatika, jenereta yako iko wapi? Andika kwa wiki moja: saa aliyoondoka, na kilichotokea dakika chache kabla. Kama ni jenereta, mpe kazi ya kuhesabu stoki nyuma muda huo, au kaske ya kuzuia kelele kama wanazovaa mafundi wa viwandani. Mkubaliane ishara, hata kadi nyekundu mezani, inayomaanisha dakika kumi za kutoka nje bila kuulizwa. Akiwa amezidiwa usimshike, usimfokee, usimhubirie; sentensi moja fupi inatosha, kisha nafasi.

Na akikosea, mwambie kosa lenyewe: "Chupa mbili zimepasuka, hukuziandika." Ukimwambia kwa mzaha, "Leo umenitajirisha kweli!", anaweza kuamini umemsifu, na kesho atarudia.

Kwenye barua ya kuomba kazi niseme nina otizimu? (Dada, Ruashi)

Hulazimiki. Andika unachohitaji: "Nafanya kazi vizuri zaidi nikipewa maagizo kwa maandishi." Ukishaajiriwa, mwambie chefu wako, basi; pasta na majirani hawahusiki. Lakini ukumbuke kwamba kuficha kuna bei yake. Sheria ya Kongo namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, lakini ni vigumu kudai marekebisho kwa ajili ya hali ambayo mwajiri haijui.

Mdogo wangu yuko "staji" (mafunzo ya kazini) ya kufagia na kupakia tangu mwaka jana. Anapewa pesa ya tekisi tu. Tuendelee kusubiri? (Kampemba)

Hapana. Kampuni iseme anafundishwa nini, na nani, mpaka lini. Ikikosa jibu, hiyo ni kazi isiyolipwa. Kwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2002, kipindi cha majaribio lazima kiandikwe, na hakizidi mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ujuzi maalum, miezi sita kwa wengine. Kikipita na mtu bado anafanya kazi, mkataba umethibitika. Andikeni tarehe, kazi na saa, mpeleke kwa mkaguzi wa kazi. Na mshahara ukipatikana, uingie kwenye simu yake mwenyewe. Ndugu wanaopokea "kwa niaba yake" tunawajua.

Mwanangu anapotea kwenye tekisi-basi. (Mama, komini ya Kenya hapa Lubumbashi)

Mzoeze njia ile ile, saa ile ile ya kazi, siku za kazi. Barabara ya Jumapili haina msongamano, haimfundishi kitu. Kwanza mkae pamoja, halafu ukae nyuma yake, halafu umngoje kituoni. Mfukoni awe na kadi: jina la kituo, nauli, namba yako. Na mfundishe la kufanya gari likibadili njia, kwa maana litabadili: ashuke, asimame, apige simu.