Mdogo wangu usinunue tera nane moja, chukua tera nne mbili

Kuna mdogo wangu mmoja anashuti harusi Morogoro kaniandikia wiki hii, anasema kaka nimepiga sendofu mbili mfululizo, hela ipo, nataka nichukue diski ya tera nane, yaani giga elfu nane, niweke kazi zangu zote nipumzike na haya mambo ya kufuta futa. Nikamjibu kwa kifupi tu, usichukue hiyo, chukua za tera nne, mbili. Akarudi, "Lakini kaka si ni tera nane zile zile?" Hapo ndo nikaona bora niandike kabisa, maana hilo swali nimelisikia sana, na wa kwanza kuniuliza alikuwa ananilipa mshahara.

Tuanze na kukubaliana kwamba sisi watu wa video tumependelewa. IBM walitoa hard disk ya kwanza mwaka 1956, dubwana lenye sahani 50 za kuhifadhia data na uzito wa karibu tani nzima, likibeba herufi milioni 5 tu, na hata hukuuziwa, unakodishiwa mtambo mzima dola 3,200 kwa mwezi. Picha moja nzuri ya simu yako inalijaza. Tera moja ndani ya diski moja ya kompyuta ilikuja 2007, wakatoa Hitachi, na sa hivi Seagate wana diski za tera 30 na kuendelea kwa ajili ya wale wenye kumbi za seva, zinapasha moto kadoa kadogo ka sahani kwa leza kila zinapoandika ndo maana wameweza kubana vitu vingi hivyo. Kwa hiyo nafasi ipo, na sisi tunaila. Video ya 4K ya kawaida ya megabiti 100 kwa sekunde inakula giga 45 kwa saa kwa kamera moja, weka kamera mbili, anza saluni, nenda kanisani, ingia ukumbini na ma-MC wetu wasiojua kumaliza, masaa matano ya kurekodi ni giga 450. Harusi mbili tera imekwisha. Nakuelewa kwa nini unatamani nane.

Ila kuna kitu kiliondoka bila sisi kutangaziwa. Waliotutangulia walikuwa wanashuti kwenye kaseti za MiniDV, saa moja kwa kaseti, karibu giga 13 ukiiingiza kwenye kompyuta. Kazi ikiisha kaseti inaandikwa majina ya maharusi kwa kalamu inatupwa kwenye boksi. Kompyuta ikifa, unachomoa kaseti unaingiza upya, umechelewa tu basi. Panya akila kaseti, amekula harusi moja, nyingine zote zipo. Sasa hivi unashuti kwenye memori kadi, Jumapili unakopi kwenye diski, Jumamosi inayofuata una kazi nyingine unaifomati kadi, na kuanzia hapo ile diski ndo kitu pekee duniani chenye harusi ya mtoto wa watu. Kaseti ilikuwa nakala ya pili bila mtu kuomba. Imeondoka, na nafasi yake hatujaweka kitu.

Sasa nije kwa huyo aliyekuwa ananilipa. Studio yake siitaji, iko Dar, wengine mtaijua na mkiijua kaeni kimya. Nilikuwa muediti wake. Tulikuwa na shelfu ya vidiski vidogo vya giga 500 na tera moja, kila kimoja kina stika, kazi za miaka kadhaa humo. Kwa kweli vilikuwa vinakera, ukitafuta klipu unachomeka vitano. Siku moja bosi kaja na diski ya tera nane, ile kubwa ya mezani yenye adapta yake, anafuraha kama kanunua gari. Akaniambia hamishia vyote humu. Nikamwambia sawa bosi ila vile vidogo tuviache palepale kwenye shelfu. Akacheka. Akasema we kijana unapenda uchafu, nafasi si tunayo, vya nini? Nikamuomba basi tununue nyingine kama ile, akaniuliza kama mi ndo namlipia kodi ya fremu. Vidogo vikafomatiwa vikauzwa kimoja kimoja kwa watu wa muvi.

Mnajua kilichofuata. Diski ikaanza kulia tik tik tik, kompyuta haiioni, ukiichomoa ukarudisha inaonekana dakika mbili inapotea. Bosi badala ya kuiacha itulie akaipeleka kwa fundi, na fundi akaifungua kwa bisibisi pale mezani feni inapuliza. Wandugu, kile kichwa kinachosoma kinaelea nanomita chache tu juu ya sahani, chembe ya vumbi hapo ni jiwe. Diski inafunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi kabisa na mtu mwenye vifaa vyake, sio pale. Ilikuwa na matumaini kidogo asubuhi, mchana haikuwa nayo tena.

Harusi za miaka yote zile kwa mpigo. Zikiwemo tatu ambazo wateja hawajakabidhiwa hata sekunde moja. Na kilichoniuma sio diski, diski zinakufa, kilichoniuma ni kwamba mama mmoja alipokuja kuuliza video ya binti yake, bosi akamwambia mbele yangu, "Kijana wangu huyu kaiangusha." Sikuwahi kuiangusha. Mshahara ukakatwa, nikaondoka mwisho wa mwezi, na mpaka leo kuna watu mjini hapa wananijua kama yule jamaa aliyeangusha diski. Sawa. Kama yupo anayesoma hapa, sikuiangusha mama.

Tukirudi kwenye swali. Tera nane moja na tera nne mbili sio zile zile kwa sababu kwenye nne mbili we una tera nne tu, ya pili ni kivuli cha ya kwanza, kila kinachoingia huku kinaingia na kule. Unapoteza nusu ya nafasi makusudi. Hapo ndo watu wanakataa, wanaona wametupa hela.

Na kuna la pili ambalo halisemwi dukani. Ukubwa umekimbia, mwendo umebaki nyuma. Diski ya tera moja ya 2007 ilikuwa inasoma kama megabaiti 80 kwa sekunde hivi, ukiikopi yote masaa matatu na nusu umemaliza. Diski kubwa za leo za tera 20 zinafika 250 hivi, yaani nafasi mara ishirini mwendo mara tatu, kuikopi yote ni masaa 22 na hapo haijapungua mwendo, na huwa inapungua. Ni sawa na kujenga tenki la lita elfu kumi halafu bomba ukaacha lile lile la nusu inchi. Sisi tunaotumia zile ndogo za inchi 2.5 ndo kabisa, ya tera 5 ikienda megabaiti 100 ni masaa 14, na nyingi zimetengenezwa kwa namna ambayo ukizipa mzigo mrefu zinachoka katikati zinaanza kutambaa. Ukichomeka kwenye USB 2 ya laptop ya zamani hesabu karibu siku mbili.

Kwa hiyo kanuni yangu mimi, na sijaitoa kitabuni, ni nunua ukubwa ambao unaweza kuukopi wote usiku mmoja. Unachomeka saa mbili usiku, asubuhi umekuta imeisha. Kwangu hiyo ni tera nne. Ikizidi hapo utaahirisha, utasema wikiendi, na wikiendi una harusi.

Mwezi uliopita nilikuwa naediti kazi ya mteja mkubwa tu, mtu wa heshima zake, diski ikaanza zile zile tik tik. Sikuigusa tena. Nikapanda bodaboda mpaka kwa dada yangu Tabata ambako ile ya pili inakaa kabatini, nikarudi nikaendelea pale pale nilipoishia. Kazi imekabidhiwa siku tuliyopanga, mteja kalipa, kaongeza na ya asante, hajui mpaka leo kama kulikuwa na kitu. Najisifu ndio. Nani mwingine atanisifu.

Na hapa niseme na nyie vijana wenzangu bila kuficha. Mnanunua lenzi, mnanunua droni, mnaandika sinematiki kwenye bio ya Instagram, halafu nakala ya pili hamna hela. Nakala ya pili inakaa nyumba nyingine, sio droo ya pili ya meza hiyo hiyo, mwizi akija anabeba meza. Hamna kusema nitapandisha mtandaoni, Google wanakupa giga 15 za bure, hizo ni dakika 20 za kamera moja ya 4K, na zilizobaki utazipandisha kwa bando lipi? Backblaze wa Marekani, kampuni ya kuhifadhi mafaili ya watu mtandaoni, wanatangazaga takwimu za diski zao zinazokufa, 2024 ilikuwa kama asilimia 1.6, na za kwao zinakaa kwenye ubaridi umeme haukatiki. Ya kwako inakaa kwenye begi juu ya bodaboda. Nunua mbili. Ukipata hela nunua mbili tena.

Vidogo vidogo nimalizie. Ukiona diski ya tera moja inaonyesha 931 usiende kugombana na muuzaji, hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Ukimpa mteja video kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 faili likizidi giga 4 litakataa, ifomati kwa exFAT, ila mwambie aijaribu kwenye TV yake kwanza. Diski za mtumba sizikatai ila fungua CrystalDiskInfo, kaprogramu ka kukagua afya ya diski, pale pale dukani uangalie masaa iliyowaka, mwaka una masaa 8,760, ukikuta elfu arobaini na kitu ujue imeshamtumikia mtu miaka karibu mitano usiku na mchana, pengine kwenye kamera za ulinzi, bei ishuke au uondoke.

Na zile zinazotangazwa mtandaoni tera 16 kwa bei ya viatu, kadogo kanaingia kiganjani, ni uongo. Ndani kuna memori kadi imedanganywa iseme ni tera 16, inapokea mafaili vizuri tu, ikishajaa kweli inaanza kuandika juu ya ya mwanzo na majina yote unayaona yapo. Hata ukinunua duka la heshima, kabla hujaweka kazi ya mtu chukua kaprogramu ka bure kanaitwa H2testw, kanaijaza diski yote halafu kanasoma upya kuhakikisha, iache ilale inafanya hivyo. Muuzaji akisema bidhaa ikitoka dukani hairudi, muachie diski yake.