Shangazi, nitakuwa mtu wa Dar lini?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mngoni wa Songea, nina miaka 36. Nilikuja Dar 2009, nikaanza kwa kubeba mizigo Kariakoo. Leo nina duka la vipuri vya bodaboda na nyumba yangu Kimara. Mke wangu ni Mzaramo, kwao Magomeni. Mwezi uliopita tulikaa kikao cha harusi ya mdogo wake. Mama mkwe na dada zake wakataka binti achezwe kwanza, ngoma ya mwali kama desturi yao. Mchango wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa yeyote pale, nami nikasema: "Jamani, sisi watu wa Dar siku hizi ni ukumbi na MC, hayo mengine ya zamani." Shemeji yangu mkubwa akanikata: "Wewe wa kuja, tulia. Dar ina wenyewe." Kikao kizima kikaangua kicheko, mke wangu naye. Nikienda Songea naitwa mtu wa Dar. Mtaani Kimara sijuani na watu sana, natoka alfajiri narudi usiku. Mwanangu wa miaka minane kazaliwa hapahapa, akiulizwa kwao anasema Kimara. Nitakuwa mtu wa Dar lini?*

*Wa Kuja, Kimara*

Marahaba mwanangu.

Shemeji kukutania ni haki yake, na usipotaniwa ukweni ujue hapo bado hujapokewa. Kilichokuuma, naona, ni kicheko cha mke wako. Hilo mmalizane wenyewe chumbani, mimi simo.

Kuhusu swali lako, mtu wa Dar umeshakuwa zamani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Waliulizwa wamelala wapi usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Hakuna aliyeulizwa kabila lake, na sensa zetu ziliacha kuuliza hilo baada ya ile ya 1967. Ukiwatoa hapo wa kuja na watoto wa wa kuja, daladala za Gongo la Mboto zitakwenda tupu na mwendokasi haitakuwa na wa kuigombania mlangoni.

Tena hata hao wenyewe wana safari zao. Washomvi, Waswahili wa pwani hii, kwa masimulizi ya wazee wao asili yao ni Barawa, huko Somalia. Wazaramo wanasimulia walivyoshuka kutoka upande wa Uluguru. Sultani Majid alipoanza kujenga mji wake hapa kando ya kijiji cha Mzizima miaka ya 1860, alitokea Unguja. Mzee Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, chama kilichokuja kuzaa TANU, jina zito kabisa la mjini, baba yake alikuwa askari Mzulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Na mwanawe, Abdulwahid, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Wewe nawe Mngoni, babu zako walipanda kutoka Afrika Kusini karne hiyohiyo ya kumi na tisa. Songea nako mlikuta watu. Mwambie shemeji wako hayo siku mkinywa kahawa, si kwenye kikao.

Ila usianze kushangilia, nimeisoma barua yako mara ya pili.

Wewe hukusema tu kwamba u mtu wa Dar. Uliwaambia Wazaramo wa Magomeni, kwenye sebule yao, kwamba ngoma ya binti yao si ya Dar. Ukawatoa wao mjini kwa jina la mji! Sasa nani alimwambia mwenzake wa kuja? Shemeji yako alijibu, hakuanza. Na kile kimstari cha mchango wako kuwa mkubwa kuliko wa yeyote, hukukiweka pale kwa bahati mbaya. Ulidhani umenunua neno la mwisho. Vikao vya harusi vya mji huu navijua, mwenye bahasha nene husikilizwa kwenye bajeti ya chakula. Mwali ana wenyewe, na hao wana makungwi wao. Wewe mkwe, tena mwanamume, hapo unasikiliza tu.

Kuna jambo jingine chini ya ule utani. Jiulize kiwanja chako cha Kimara kilikuwa nini kabla hujakinunua. Nina uhakika mkubwa lilikuwa shamba la mtu, lenye mikorosho na miembe, na huenda mwenye shamba hakuliuza kwa bei ambayo leo angeikubali. Mbezi, Sinza, Mwananyamala, Tabata, kote huko habari ni hiyohiyo. Nyumba za urithi Kariakoo na Magomeni nazo zinauzwa, warithi wanagawana fedha, wanakwenda kuanza upya Mbagala au Chanika, na pale kwao panapanda ghorofa la mtu mwingine. Baada ya hapo anakuja mtu na kuwaambia Wazaramo ni wavivu, wanapenda ngoma tu. Wamelisikia hilo maisha yao yote, kwenye daladala, ofisini, hata harusini kwao. Kwa hiyo uliposema "ya zamani" uligusa kidonda ambacho wewe hukukifanya, lakini unalala juu ya ardhi yake.

Sisemi uone aibu ya kununua kiwanja. Ulikinunua kwa jasho. Nasema ujue unachoambiwa ukiambiwa Dar ina wenyewe.

Na mimi hilo neno "wa kuja" silipendi likitoka kwa mtu mwenye madaraka, nikwambie wazi. Wenye umri wangu tunaikumbuka Nguvu Kazi ya 1983, watu walipokamatwa mabarabarani na kusombwa kwenda vijijini kwa sababu hawakuwa na kitambulisho cha kazi. Hapo kuulizwa kwenu wapi hakukuwa utani. Kwa shemeji ni sawa, mrudishie: mwambie wa kuja ndiye aliyemuoa dada yako, na mahari ulikula.

Haya, tuje Kimara, maana huko ndiko unakonipa wasiwasi. Miaka yote hiyo mjini, nyumba yako mwenyewe, na unasema hujuani na watu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nawe la duka ulilishika vizuri sana. La mtaa hujaligusa. Mjumbe wako anaitwa nani? Jirani akifiwa, nani anakupigia simu? Mji huu watu hawakuulizi ulizaliwa hospitali gani. Wanakuangalia turubai likifungwa unatokea saa ngapi, unakaa na wanaume kwenye mkeka au unachungulia kwa dakika tano na elfu kumi yako kisha unawasha pikipiki. Najua biashara ni biashara na foleni ya Morogoro Road haina huruma. Jumapili lakini duka linaweza kufunguliwa saa tano. Nenda kwenye mkutano wa serikali ya mtaa, ule wa kulalamikia mfereji. Utachoka, utasikia maneno mengi ya ovyo, na watu watakujua sura.

Songea kukuita mtu wa Dar, waache. Kila anayepanda basi la kusini na begi la matairi anaitwa hivyo, na ni nusu wivu, nusu kukuomba nauli.

Mwanao akisema kwao ni Kimara, usimsahihishe, amesema kweli. Mfundishe tu kwamba ana bibi wawili, mmoja Magomeni na mmoja Songea, na ampelekee kila mmoja likizo yake. Kingoni chako mwongeleshe mapema, akishafika kumi na mbili atakuonea aibu.

Kuna swali hukuniuliza, nami nakuuliza: ukifa leo, unazikwa wapi? Mke wako analijua jibu? Nimeona ndugu wakivutana mbele ya jeneza, wa mkoani na basi lao tayari limekodiwa, mjane analia kwamba kaburi asiloweza kulifikia si kaburi lake. Hilo zungumza naye ukiwa mzima, kisha uwaeleze wa Songea kwa mdomo wako. Mimi siwezi kukuchagulia.

Kwa sasa, mpigie mama mkwe. Usimpigie shemeji, wala usiandike kwenye kundi la familia. Mwambie uliteleza ulimi, umuulize ngoma ni lini na wapiga ngoma wanalipwaje. Ukiweza, toa malipo hayo kupitia mkononi mwake, kimyakimya, juu ya mchango uliokwisha kutoa. Siku yenyewe fika mapema, saidia kufunga maturubai, kaa nje na wanaume wenzako. Kipaza sauti mwachie MC.

Shangazi