Waliobaki nyumbani nao wahojiwe

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama mwanasosholojia anaweza kulieleza vuguvugu la kijamii kwa kuwahoji viongozi na waandamanaji kuhusu madai yao. Nimekusanya takwimu za namna hiyo kwa miaka kadhaa, na naona mahojiano hayo ni ya lazima lakini hayatoshi, kwa sababu wenye malalamiko yaleyale ambao hawakutoka kuandamana kwa kawaida huwa wengi kuliko waliotoka.

Utafiti ninaouheshimu kuliko yote ni wa mwanasosholojia wa Marekani Doug McAdam, kuhusu wanafunzi wa Marekani waliojitolea kwenda Mississippi mwaka 1964 kuwaandikisha Wamarekani weusi kuwa wapiga kura. Alizipata fomu walizojaza kabla ya safari, zikiwamo za waombaji 239 waliojitoa baada ya kukubaliwa, akazilinganisha na za wale zaidi ya 700 waliokwenda. Imani zao zilikaribiana mno. Waliokwenda walikuwa na uzoefu zaidi wa harakati, walikuwa wanachama wa vyama vingi zaidi, na hasa walikuwa na urafiki wa karibu na wenzao waliokuwa wakienda. Thamani ya fomu zile ni kwamba ziliandikwa mapema, kwani mtu akishaandamana huzipanga upya sababu zake bila hata kukusudia kudanganya.

Kwa hiyo katika hojaji zetu swali la nani alikualika na umekuja na nani hutangulia lile la kwa nini umekuja. Tena mhoji hachagui wa kumhoji, maana akiachiwa huwaendea wa rika lake na wenye nyuso za upole. Msimamizi ndiye anayehesabu safu na kumwonyesha mhoji mtu wa kumhoji.

Magazeti yanasaidia, ila kwa tahadhari: vibali vya polisi vya jiji la Washington vya mwaka 1982 na 1991 vilipolinganishwa na habari zilizochapishwa, ilibainika kuwa maandamano mengi hayakuandikwa kabisa.

Ukipata nafasi, anza na orodha iliyokuwapo kabla ya tukio, kama ya wanachama au ya waliotia saini ombi, uwahoji waliotokea na wasiotokea kwa maswali yaleyale. Majina yaondoe kwenye hojaji siku hiyohiyo, kwa sababu orodha ya waandamanaji ikiangukia mikono mibaya watakaoumia ni waliokuamini.