Maswali ya Wasomaji: Kiti cha mtoto kwenye gari

SWALI: Binti yangu ana miezi 11 na kilo 9.5. Namkalisha kwenye kiti cha mtumba chenye mpini, akiangalia nyuma, lakini miguu imefika kwenye egemeo la siti na anaikunja. Nimgeuze aangalie mbele? Lebo imeandikwa 5–35, naona ana nafasi kubwa. (Mama, Dodoma)

JIBU: Usimgeuze, mama. Kwanza, kiti cha mpini hakiwekwi kikiangalia mbele hata siku moja, hakikutengenezwa hivyo. Pili, kagua lebo vizuri. Kiti kikitoka Marekani, hizo ni pauni, si kilo, na pauni 35 ni kama kilo 16 tu.

Miguu isikusumbue, watoto wa umri huo hukunja miguu hata mkekani. Tazama kichwa. Utosi ukibakiza chini ya sentimita 2.5 kufika ukingo wa juu wa ganda (plastiki ngumu ya kiti), kiti kimekuwa kidogo hata kama kilo hazijatimia. Hapo tafuta kiti kikubwa zaidi ambacho bado kinaruhusu kuangalia nyuma.

Sababu ni shingo. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kulingana na mwili wake, na mifupa ya shingo haijakomaa. Gari likigonga kwa mbele, anayeangalia mbele hushikwa kifua na mikanda huku kichwa kikirushwa. Anayeangalia nyuma hupokelewa na ganda mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa inataka aangalie nyuma mpaka apite miezi 15, nacho ni kiwango cha chini kabisa.

Kwa kuwa ni mtumba, kipindue. Chini ya plastiki utakuta tarehe ya kutengenezwa, na mara nyingi ya mwisho wa matumizi. Kikiwa na ufa, au hujui kama kiliwahi kupata ajali, usikitumie.

Kosa tunaloliona zaidi lipo kwenye kufunga. Shika kiti pale mkanda wa gari unapopita, kitikise: kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, mkanda umelegea. Kisha mfunge mtoto, ujaribu kufinya utepe wa begani kwa vidole viwili. Ukikunjika, kaza tena. Kwa anayeangalia nyuma, tepe zitokee usawa wa mabega au chini kidogo. Sweta nene livuliwe kwanza, maana hubonyea na kuacha tepe zikiwa zimelegea. Na kiti hiki kisikae mbele penye eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) inayofanya kazi: ikilipuka hupiga mgongo wa kiti, palepale kilipo kichwa.

SWALI: Mwanangu ana miaka 5, kilo 18, urefu sentimita 108. Kile kikalio cha kumwinua, kisicho na mgongo, kinatosha? Anakaa katikati nyuma, kwenye mkanda wa kiunoni tu. (Baba, Mombasa)

JIBU: Hapana kwa yote mawili, ndugu. Vikalio visivyo na mgongo vya kanuni 129 ni vya kuanzia sentimita 125. Mpe chenye mgongo, na umhamishie pembeni kwenye mkanda wa begani na kiunoni. Mkanda wa kiunoni peke yake unamkunja mtoto na kumkata tumboni. Ataacha kiti pale atakapoegemea kabisa huku magoti yakipinda ukingoni mwa siti, mkanda wa chini ukilala juu ya mapaja na wa juu ukipita katikati ya bega. Wengi hufika hapo wakiwa na sentimita 145 hadi 150.