Stoo ya mbao naanzia wapi?

Swali: Habari fundi, niko Mafinga, mbao huku zipo kibao, nataka nijijengee stoo ya futi 8 kwa 10 ila fremu na kupaua sijui kabisa.

Jibu: Salama ndugu, nunua mbao zilizokauka, mbichi zitapinda. Fremu ya chini kila kona pima futi 3 huku, 4 kule, mshazari uje 5 kamili, usipokuja usigonge msumari kwanza maana kosa la chini utalikuta juu kwenye bati. Kenchi, zile fremu za pembetatu za kubeba paa, achana nazo, paua mteremko mmoja tu, nyuma shusha futi 1 hivi maji yateremke. Misumari ya bati piga juu ya migongo ya bati, kule bondeni ndo maji yanapita, patavuja.