Nani Hutunga Kanuni za Chakula na Dawa?

Swali: Ninasindika siagi ya karanga hapa Morogoro. Kanuni ninazotakiwa kuzifuata hutungwa na nani?

Jibu: Ndugu msomaji, Bunge hupitisha sheria mama, nayo humpa waziri husika mamlaka ya kutunga kanuni, ambazo huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), huku dawa zikibaki chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Viwango hujadiliwa na kamati za wataalamu na wadau, kisha rasimu hutolewa ili wananchi watoe maoni. Tafadhali usiipuuze nafasi hiyo, hasa kuhusu sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu kwenye mazao, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Wewe unayechambua karanga kwa mkono, ukitupa zilizosinyaa na zenye ukungu, una ujuzi ambao kamati inauhitaji.